Nani Amsemee Karama? Kusadikika, Mabepari wa Venisi na Kizimba cha Mshitakiwa Mkoani Mara

Utangulizi

Wengi wetu tuliisoma Kusadikika ya Shaaban Robert tukiwa sekondari, na wengi tulikaririshwa jibu moja la mtihani: Kusadikika ni Tanganyika ya wakoloni, mfalme ni gavana, Karama ni mpigania uhuru. Jibu hilo lina maksi zake na sikusudii kulitupa. Lakini lina kasoro moja kubwa: linalikimbilia fumbo kabla ya kulisoma shitaka. Mwulize mwanafunzi yeyote Karama alishitakiwa kwa kosa gani hasa. Atakwambia "kudai haki" au "kuleta mabadiliko". Wapi! Shitaka ambalo Majivuno analileta mbele ya mfalme ni mahsusi zaidi ya hapo. Karama ameingiza nchini elimu ya sheria na kuwafundisha watu uanasheria. Kwa maneno mengine, kosa la Karama ni kutaka watu wawe na wa kuwasemea mbele ya mahakama.

Makala haya yanakusudia kulisoma shitaka hilo kama lilivyo, bila kulifanya fumbo la kitu kingine, na kulipambanisha na historia ya mshitakiwa katika mkoa mmoja tu wa nchi yetu, yaani Mara, hususan Musoma, Bunda na Butiama. Mkoa huu haukuchaguliwa kwa bahati nasibu. Musoma inatajwa sana vitabuni kwa sababu ya Azimio la 1974 kuhusu elimu, lakini katika historia ya sheria ina mambo matatu ambayo wanafasihi hatuyazungumzi. Kesi kubwa ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958 ilitokana kwa sehemu na mambo ya Musoma. Moja ya kesi za mwanzo za haki za binadamu baada ya haki hizo kuanza kudaiwa mahakamani ilimhusu Mkuu wa Gereza la Musoma. Na hukumu iliyotikisa mjadala wa lugha ya mahakama nchini iliandikwa Musoma. Juu ya hayo yote, mtoto wa Butiama ndiye aliyetupatia kwa Kiswahili ile kesi maarufu ya Shylock.

Hoja yangu ni kwamba mshitakiwa wa kawaida wa Mara ameachwa ajisemee mwenyewe kwa sehemu kubwa ya karne moja, chini ya serikali mbili tofauti na kwa sababu zinazofanana mno. Na fasihi yetu ililiona jambo hili mapema kuliko wahakiki wake.

Karama kama wakili

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Mwandishi wake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu aliyeshinda katikati ya mafaili, mihuri na barua za "nimeamriwa nikuarifu". Ofisi hizo alizijua kwa ndani. Hivyo basi, tunapoona riwaya nzima imejengwa kama kesi, yenye mshitaki, mshitakiwa, kizimba na hukumu, tusidhani ni mapambo ya fani tu. Hapa fani ndiyo maudhui.

Tuangalie muundo. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nchi ile, na anaitumia kwa siku sita. Katika siku hizo hajitetei sana yeye. Anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wote walitumwa mbali kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao, wote wakarudi nayo, na wote wakaishia kifungoni. Wahakiki wengi wamelalamika kwamba wajumbe hawa ni wahusika bapa, majina yao ni sifa zao, na safari zao zinarudiana kama kibwagizo. Ni kweli. Lakini msomaji akiwatazama kama wafungwa, na siyo kama wasafiri, mambo yanabadilika. Hawa ni watu sita waliohukumiwa bila kusikilizwa. Karama anaposimama kizimbani anageuka kuwa wakili wao bila kuajiriwa na mtu. Maneno yake ndiyo rufaa yao, na yeye anapoachiwa nao wanafunguliwa.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu, na hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Karama anashinda kwa sababu ni msemaji wa ajabu na kwa sababu mfalme ana subira ya siku sita. Sasa tujiulize: je, mshitakiwa asiye na ulimi wa Karama? Mvuvi wa Majita, mchunga ng'ombe wa Ikizu, kibarua wa pamba wa Bunda? Shaaban Robert analijua swali hili, na ndiyo maana shitaka lenyewe linahusu kufundisha. Karama hataki kuwa yeye pekee anayejua kusema. Anataka elimu hiyo ienee, na hilo ndilo Majivuno analolihofia.

Baraza lisilo na wakili

Turudi Mara. Mwaka 1929, katika enzi ya utawala wa kupitia machifu ulioimarishwa na Gavana Donald Cameron, ilitungwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji. Sheria hiyo ilifanya mambo mawili yanayotuhusu hapa. Kwanza, mahakama za machifu ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu na kuwekwa chini ya maofisa wa utawala. Mtu asiyeridhika na hukumu ya chifu alikata rufaa kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na hatimaye kwa gavana. Pili, mawakili hawakuruhusiwa kuingia katika mahakama hizo.

Athari yake ilikuwa nini? Chifu huyo huyo aliyesimamia kodi na kupokea amri kutoka bomani ndiye aliyekaa kuamua kesi ya asiyelipa kodi au aliyekaidi amri. Na aliyekwenda kulalamika juu yake alimkuta Bwana DC, ambaye ndiye aliyemtuma chifu. Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha wakati ule ofisa huyo aliitwa pia Bwana Shauri. Kiswahili hakikukosea. Shauri ni kesi, shauri ni ushauri, na shauri ni amri ya serikali, na vyote vitatu vilikaa mezani pa mtu mmoja. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Waliotetea mpango huu hawakukosa hoja. Walisema mawakili ni ghali, watawanyonya wenyeji, watachelewesha kesi, wataleta ujanja wa maneno katika mabaraza ya mila. Tuzikumbuke hoja hizi maana tutakutana nazo tena. Hata hivyo, tusisahau kwamba katika mabaraza ya asili mtu hakuachwa peke yake. Katika ritongo la Wakurya, kwa mfano, shauri lilizungumzwa hadharani mbele ya jamii, na mtu alikuja na ukoo wake. Nisieleweke kwamba nayapamba mabaraza hayo. Mgeni, mwanamke na mnyonge walikuwa na taabu zao humo. Ninachosema ni kwamba mkoloni alilichukua baraza, akaliongezea gereza na rufaa ya bomani, halafu akamzuia msemaji wa kitaalamu aliyehitajika ili kukabiliana na vitu hivyo vipya. Aliiga umbo la mila na kuiacha kinga yake.

Huko Butiama, Chifu Nyerere Burito alitawala sehemu ya Wazanaki mpaka alipofariki mwaka 1942. Mmoja wa wanawe alizaliwa mwaka 1922 na kukua katika mazingira ya baraza la namna hiyo. Mtoto huyo alikuja kusimama kizimbani mwenyewe.

Kesi ya mwaka 1958

Mwaka 1958 Julius Nyerere, Rais wa TANU, alishitakiwa Dar es Salaam kwa kosa la kashfa. Katika Sauti ya TANU, gazeti dogo la chama, aliandika makala akiwatuhumu wakuu wawili wa wilaya, mmoja wa Musoma na mwingine wa Songea, kwamba walitumia vibaya madaraka yao katika kukabiliana na chama. Hivyo basi kesi ilisikilizwa Dar es Salaam, lakini sehemu ya mizizi yake ilikuwa Musoma, nyumbani kwao mshitakiwa.

Nani alimsemea? Alikuja D. N. Pritt kutoka Uingereza, wakili mwenye cheo cha juu, yule yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1952 na 1953. Pamoja naye walikuwepo mawakili wa Dar es Salaam, Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Kesi iliendeshwa kwa hoja nzito, mashahidi walihojiwa, na serikali ilibidi ieleze matendo ya maofisa wake mbele ya umati. Mwishoni Nyerere alipatikana na hatia, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Akalipa.

Wanahistoria wanaizungumzia kesi hii kwa ajili ya siasa yake, yaani kwamba ilikiweka chama kwenye njia ya amani. Mimi nataka tuitazame kwa jicho la Karama. Mshitakiwa alikuwa amesoma Makerere na Edinburgh, alikuwa na chama kizima nyuma yake, alikuwa na mawakili watatu, na bado alitiwa hatiani. Basi tumfikirie mtu wa Musoma wa mwaka huo huo ambaye labda naye alikuwa na neno la kusema juu ya mkuu wake wa wilaya. Angelisemea wapi? Katika mahakama ambayo sheria ilimkataza wakili kuingia. Kesi ya 1958 ilionyesha thamani ya kusemewa, na kwa hapo hapo ilionyesha kwamba thamani hiyo ilikuwa ya watu wachache sana.

TANU yenyewe ililielewa jambo hili kwa namna yake. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Nchi ilikuwa na njaa ya madaktari, wahandisi na walimu, lakini kitu cha kwanza kufundishwa kilikuwa kile kile alichoshitakiwa nacho Karama. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu Kusadikika ichapishwe. Sijui kama yupo mhakiki aliyekwisha kuziweka tarehe hizi mbili pamoja. Zinastahili.

Uhuru na viboko

Baada ya Uhuru mambo mengi yalibadilika haraka. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na mwaka huo huo ikatungwa sheria mpya ya mahakama za mahakimu. Mahakama za machifu zikatoweka, zikaja mahakama za mwanzo zenye mahakimu walioajiriwa na serikali na wazee wa baraza pembeni yao. Ubaguzi wa mahakama za Waafrika na mahakama za wengine ulikwisha. Haya ni mapinduzi ya kweli, na anayeyabeza hajui alichopitia babu yake.

Lakini marufuku ya wakili ilibaki. Ikarithiwa nzima nzima na mahakama ya mwanzo, na sababu zikawa zile zile kwa mavazi mapya: wakili ni ghali, atampendelea tajiri, ataleta Kiingereza na ujanja mahali ambapo mwananchi anataka haki ya haraka kwa Kiswahili. Zamani ilisemwa kwamba wakili ataharibu mila. Sasa ikasemwa kwamba ataharibu usawa.

Hoja ya usawa ina uzito, tukubali. Katika mahakama ya mwanzo mlalamikaji naye hana wakili. Wawili wanasimama sawa, kila mmoja na mdomo wake. Lakini usawa huo unakwisha mara tu hatua inayofuata inapoanza. Mlalamikaji akishindwa anarudi nyumbani, mshitakiwa akishindwa anaweza kwenda jela. Na adhabu za wakati huo hazikuwa za mchezo. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 ilimfunga mikono hakimu kwa kiasi kikubwa kwa makosa kadhaa, wizi wa mifugo ukiwemo. Mtu alipata kifungo pamoja na viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Katika mkoa wa wafugaji kama Mara, ambapo ng'ombe ni mahari, ni benki na ni ugomvi wa koo na koo, tuhuma ya wizi wa ng'ombe si jambo la nadra. Wakati mwingine ni wizi kweli. Wakati mwingine ni deni la mahari lililogeuzwa kesi. Kutofautisha haya mawili ndiyo kazi ya utetezi.

Mwaka 1969 zilitokea habari mbili ambazo hazikukusudiwa kukutana. Serikali ilitunga sheria ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai, iliyowezesha mshitakiwa asiye na uwezo kupewa wakili endapo ngazi za juu za mahakama zingeona haki inadai hivyo. Kwa vitendo, msaada huo uliwafikia hasa washitakiwa wa mauaji mbele ya Mahakama Kuu. Na mwaka huo huo Oxford University Press ilichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare.

Shylock hana wakili

Kichwa cha tafsiri hiyo kimejadiliwa sana: mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari, kwa wingi. Kwa hiyo vizazi vya wanafunzi vimeisoma tamthilia kama hukumu dhidi ya ubepari, na Shylock kama mnyonyaji aliyepatikana. Sipingi. Lakini tuingie katika onyesho la mahakama tukiwa na macho ya mtu anayetoka mahakama ya wilaya ya Bunda.

Antonio ndiye mdaiwa. Ana marafiki wamejaa ukumbini, na Mtawala wa Venisi anamwonea huruma waziwazi kabla ya kesi kuanza. Kisha anaingia Portia, amejifanya bingwa wa sheria. Ametumwa kama mtaalamu asiyeegemea upande, kumbe ni mke wa rafiki wa Antonio. Kwa lugha ya kawaida, hakimu ana maslahi katika kesi. Shylock yuko peke yake na karatasi yake ya mkataba. Hana wakili wala ndugu. Amekuja kama mdai. Katika ukumbi ule ule, bila kuahirishwa, bila hati mpya ya mashitaka, bila kuulizwa kama anahitaji muda wa kujiandaa, anageuzwa mshitakiwa wa kosa la kutaka kumwua raia. Dakika chache baadaye mali yake imegawanywa na dini yake imebadilishwa kwa amri.

Msomaji ataniuliza: sasa unamtetea Shylock, mtu aliyetaka kukata nyama ya mwenzake? Hapana. Nasema kwamba haki ya kusemewa haitolewi kwa sababu mtu ni mwema. Wazee walishasema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hiyo ni kali kuliko tunavyoitumia. Haisemi mnyonge hana kosa. Inasema hata anaponyongwa kuna kitu chake ambacho hamruhusiwi kumnyang'anya. Katika Venisi ya Shakespeare, Shylock alinyang'anywa kitu hicho huku ukumbi mzima ukishangilia. Na sisi darasani tumeshangilia pamoja nao kwa zaidi ya miaka hamsini.

Ajabu ya historia ni kwamba mfasiri wa onyesho hilo aliwahi kusimama kizimbani akiwa na Pritt ubavuni. Ndiye aliyekuwa Rais wakati sheria ya viboko inapitishwa, na ndiye aliyekuwa Rais wakati sheria ya msaada wa kisheria inapitishwa. Haya yote ni ya mtu mmoja na ya nchi moja. Uhakiki unaomchagua Nyerere wa 1958 na kumficha wa 1963, au kinyume chake, haujamsoma.

Gereza la Musoma

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba. Wakati huo Waziri wa Sheria alikuwa mtu wa Bunda, Joseph Sinde Warioba, aliyehitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kabla ya hapo, na aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1985. Hata hivyo, serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha nyumba, na wananchi hawakuweza kuzidai haki hizo mahakamani mpaka Machi 1988.

Mlango ulipofunguliwa tu, kutoka Mara likaja shauri dhidi ya Mkuu wa Gereza la Musoma na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mtu mmoja alikuwa ameshikiliwa gerezani humo si kwa hukumu ya mahakama bali kwa amri ya kuhamishwa, chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1921 iliyompa mtawala uwezo wa kumwondoa mtu kwao na kumpeleka akaishi mbali. Shauri lilifunguliwa Mahakama Kuu Mwanza na kusikilizwa na Jaji James Mwalusanya. Jaji alisema wazi kwamba sheria hiyo inapingana na Katiba, kwa kuwa inamnyima mtu uhuru wake bila kumpa nafasi ya kusikilizwa. Baadaye, mwaka 1991, Bunge liliirekebisha.

Mwalusanya huyo huyo, katika kesi ya Dodoma ya mwaka 1992, alikwenda hatua moja mbele. Alieleza kwamba mshitakiwa maskini ana haki ya msaada wa wakili na kwamba mahakama ina wajibu wa kumweleza hivyo. Wajibu wa kumweleza ni jambo kubwa. Haki usiyoijua haikusaidii kitu, ni kama fedha iliyofukiwa shambani kwako bila wewe kujua.

Sisi wa fasihi tuna la kujifunza katika shauri la Musoma. Mtu yule hakuwa amehukumiwa kwa kosa lolote. Alikuwa kama wajumbe wa Kusadikika, amefungiwa kwa amri. Kilichomtoa ni kwamba maneno yake yalifika mahali yaliposikilizwa.

Maneno ya mshitakiwa yaliandikwa na nani?

Hapa tunafika kwenye swali ambalo ni letu hasa, yaani lugha. Kwa miaka mingi, katika mahakama za wilaya na kuendelea, mshitakiwa alisema kwa Kiswahili, au kwa Kijita, Kizanaki au Kikurya kupitia mkalimani, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Rufaa ilipokwenda Mwanza, umbali wa kilometa zipatazo 220 kutoka Musoma, majaji walisoma kile kilichoandikwa. Maneno ya mshitakiwa mwenyewe yalikuwa yameshapotea hewani. Kwa istilahi zetu, hapo kuna fanani, kuna mfasiri na kuna matini, na fanani hawezi kuisoma matini inayosemekana ni yake. Ni fasihi simulizi ya hatari kuliko zote, maana ikifasiriwa vibaya mtu anafungwa.

Ndiyo maana hukumu ya Musoma ilizua gumzo. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lisilo la jinai lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria huko Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huo pia mawakili wakaruhusiwa katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Marufuku iliyoanza mwaka 1929 ilipata ufa wake wa kwanza baada ya miaka 92.

Je, mambo yamekwisha? Bado. Kiswahili kinamwezesha mshitakiwa kusikia anachoshitakiwa, lakini hakimfundishi cha kujibu.

Tuchukue mfano wa Bunda. Wilaya hii inapakana na Hifadhi ya Serengeti, na lango la Ndabaka liko huko. Nyumbu hawajui mpaka, na watu wanaijua ladha ya nyama ya nyumbu tangu enzi za mababu. Mtu akikamatwa ndani ya hifadhi na panga, nyaya za mitego na nyama iliyokaushwa, anaweza kusomewa mashitaka matatu kwa pamoja, na shitaka la nyara za serikali peke yake limewapeleka watu jela hata miaka 20. Upande wa mashitaka siku hizi unasimamiwa na mawakili wa serikali waliosomea kazi hiyo, siyo askari polisi kama zamani. Hayo ni maendeleo mazuri. Lakini ile hoja ya usawa, kwamba pande zote mbili hazina wakili, hapa imekufa kabisa. Sasa upande mmoja unaye.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba nyama inayoharibika haipaswi kuteketezwa kwa amri ya hakimu bila mshitakiwa kuletwa na kusikilizwa kwanza, kwa sababu nyama hiyo ndiyo ushahidi dhidi yake. Hoja nzuri, ya haki tupu. Lakini ni mchunga ng'ombe gani atakayesimama peke yake na kuisema? Ataambiwa, "Una swali kwa shahidi?" Atajibu, "Sina swali." Na mahakama itaandika kwamba hakuwa na swali. Yule wa mauaji atapewa wakili na serikali, ingawa ni malalamiko ya siku nyingi kwamba wakili na mteja huonana kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi. Huyu wa nyumbu, mwenye miaka 20 mbele yake, mara nyingi atajisemea.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imejaribu kuziba pengo hili. Imewatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini na imepanua uwezo wa mahakama kuagiza mshitakiwa apewe msaada. Lakini msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani badala ya wakili. Anaweza kukusindikiza mpaka mlangoni. Kizimbani utapanda peke yako.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shitaka la Karama si fumbo la mbali. Sheria ya 1929 ilimfungia wakili nje, nchi huru ikaurithi mlango huo bila kuufungua, na ufa wa 2021 bado ni mwembamba. Katikati yake wapo waliosemewa wakasikika, akiwemo mtoto wa Butiama mwaka 1958 na mfungwa wa Musoma mwaka 1988. Kila mmoja wao anathibitisha alichokisema Shaaban Robert: tofauti kati ya mjumbe aliyefungwa na mjumbe aliyefunguliwa si wema wa mjumbe, bali ni kuwepo kwa mtu wa kusema.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu na walimu wetu mambo mawili. Kwanza, tunapofundisha Kusadikika tuanze na hati ya mashitaka kabla ya kukimbilia fumbo, na tunapofundisha Mabepari wa Venisi tuulize pia nani anamsemea Shylock. Pili, kesi zinazosikilizwa Musoma, Bunda na Butiama kila wiki ni masimulizi ya kweli yanayotolewa kwa Kiswahili, mbele ya hadhira, huku maisha ya msimulizi yakitegemea usimulizi wake. Tumekusanya nyimbo za harusi, vitendawili na ngano. Hadi leo hatujaenda kukaa kwenye benchi la mahakama na kusikiliza jinsi mtu asiye na wakili anavyojaribu kujieleza, anaponyamaza, na anachoandikiwa anaponyamaza. Kazi hiyo inangoja watu, na sisi tumesomea kusikiliza.